Fleti ya Kumalizia Mwenyewe mjini Leipzig: Tathmini ya Mpangaji kutoka Unguja

Mjini Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, bado zinapatikana fleti ambazo mwenye nyumba huzipangisha kabla hazijakamilika. Paa ni zima, madirisha yamebadilishwa, bomba la maji na waya mkuu wa umeme vimefika ndani, lakini kuta zimebanduka plasta hapa na pale, sakafu imefunikwa kwa linoleamu tabaka juu ya tabaka, na jikoni hakuna kitu ila ncha ya bomba inayotokeza ukutani. Mpangaji huimalizia kwa fedha na mikono yake, na badala yake hutozwa kodi ndogo kwa miaka mingi. Nimeishi katika fleti ya namna hiyo muda wa kutosha kuipima kwa haki, na ninawaandikia hasa ndugu zetu wanaokuja Ujerumani kusoma au kufanya kazi, ambao hugundua mapema kwamba fleti iliyokamilika haipatikani kwa urahisi kwa mtu mwenye jina geni na asiye na historia yoyote katika benki za huku. Maoni yangu ni kwamba mpango huu unamfaa sana mgeni atakayekaa na unamtia hasarani mgeni anayepita, na kwamba mafanikio yake huamuliwa na karatasi zinazotiwa saini kabla ya funguo kutolewa kuliko ustadi wa mtu wa kushika nyundo.

Fleti hizi zina historia yake. Majengo mengi ya mitaa ya Lindenau, Plagwitz, Reudnitz na Volkmarsdorf yalijengwa kati ya miaka ya 1870 na mwanzo wa Vita Kuu ya Kwanza, viwanda vilipokuwa vikiwavuta wafanyakazi kwa maelfu, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 jiji lilikuwa na watu zaidi ya 700,000. Baada ya Ujerumani mbili kuungana mwaka 1990, viwanda vilifungwa, vijana wakahamia magharibi, na kufikia mwaka 1998 wakazi walikuwa wamebaki chini ya 440,000, huku fleti kwa makumi ya maelfu zikiwa tupu na mvua ikipenya mapaa. Mwaka 2004 ilianzishwa jumuiya iitwayo HausHalten, iliyobuni mpango wa kuwapa watu majengo hayo wayatunze kwa takriban miaka mitano wakilipia gharama za uendeshaji tu. Baadaye ikazaliwa namna ya pili, ambayo ndiyo ninayoizungumzia hapa: mwenye jengo hutengeneza mambo ya msingi, na mpangaji humalizia ndani chini ya mkataba wa muda mrefu. Leo Leipzig imepita tena watu 600,000, fleti tupu zimekuwa adimu, na nafasi za namna hii zimepungua mno. Zilizobaki hupatikana zaidi upande wa mashariki, kuizunguka barabara ya Eisenbahnstraße, ambako wakazi wengi ni wageni kama sisi.

Katika suala la kuipata, fleti hii inastahili sifa. Anayeomba fleti iliyokamilika hutakiwa aonyeshe hati za mshahara za miezi mitatu, ripoti ya SCHUFA, yaani kampuni inayotunza kumbukumbu za ulipaji wa madeni ya watu, na mara nyingi barua ya mwenye nyumba wa awali kuthibitisha kwamba hadaiwi kodi. Aliyeshuka uwanja wa ndege mwezi uliopita hana hata moja ya hizo. Sheria ya usawa ya mwaka 2006 inakataza kumbagua mwombaji wa nyumba kwa sababu ya asili yake, lakini ombi lisilojibiwa haliachi ushahidi wowote. Fleti ya kumalizia ina waombaji wachache, na mwenye nyumba humpima mwombaji kwa kipimo kingine, kwa kuwa anachotaka kujua ni kama mtu huyu ataiweza kazi na kama atakaa. Mimi niliambatanisha mkataba wangu wa ajira pamoja na mpango wa kazi, chumba kwa chumba, nikieleza nitafanya nini mwenyewe na nini nitamwachia fundi mwenye leseni; nikajibiwa upesi na kwa heshima. Wala hakuna dalali niliyemlipa, kwa sababu tangu Juni 2015 sheria inasema kwamba aliyemwita dalali ndiye anayemlipa, na anayekudai ada kwa fleti iliyotangazwa na mwenyewe hana haki nayo.

Dhamana nayo ina mpaka wake. Haiwezi kuzidi kodi ya miezi mitatu bila kuhesabu maji, joto na huduma nyingine, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu tatu, ya kwanza mwanzoni mwa upangaji. Kwa sisi tuliozoea kudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele, kama ilivyo desturi Dar es Salaam na Unguja, jambo hili linaacha fedha mkononi wakati ambapo fedha hiyo inahitajika kwa saruji, mbao na rangi.

Sasa niingie katika mkataba, ambao ndio moyo wa jambo lenyewe. Sheria ya Ujerumani inamlazimu mwenye nyumba kuikabidhi na kuitunza nyumba katika hali inayofaa kukaliwa, na kasoro inayopunguza matumizi yake hupunguza kodi kwa kiwango kinacholingana nayo. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba mpangaji aliyeijua kasoro alipotia saini, asiweke sharti lolote, hapunguziwi kodi kwa sababu yake. Katika fleti ya kawaida kifungu hiki hakimgusi mtu sana. Katika fleti ya kumalizia kila kitu ni kasoro inayoonekana kwa macho, na mgeni anayetia saini bila kuorodhesha amekubali kila kitu alichokiona, pamoja na mambo ambayo mwenye nyumba alikusudia kuyatengeneza na akayaahidi kwa mdomo. Kwa hiyo hati ya makabidhiano, ambayo kwa kawaida ni karatasi moja ya kuhesabu funguo na kusoma mita, katika upangaji huu inapaswa kuwa ndefu. Yangu ilieleza kila chumba kwa picha na maneno, ikagawa kazi mafungu mawili, la mwenye nyumba likiwa na tarehe ya kukamilisha, na la mpangaji likiwa na maelezo kwamba ni ruhusa ya kufanya, si wajibu wa kufanya.

Mambo matatu zaidi niliyataka yaandikwe, na yeyote atakayefuata njia hii ayatake pia. La kwanza ni kwamba sitatakiwa kurudisha fleti katika hali yake ya awali nitakapoondoka. Bila maneno hayo, mwenye nyumba anaweza kudai ung'oe hata kitu kilichomwongezea thamani, na halazimiki kukulipa kwa ulichokijenga. La pili ni kwamba hatatumia haki yake ya kuuvunja mkataba kwa kuhitaji fleti yeye au jamaa zake, kwa miaka kumi ya mwanzo. La tatu linahusu rangi. Mwezi Machi 2015 Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua kwamba mpangaji aliyekabidhiwa fleti isiyokarabatiwa, bila fidia ya kutosha, hawezi kubanwa na kifungu cha mkataba wa kuchapwa kinachomtaka aipake rangi upya. Kwa kuwa kodi ndogo au miezi ya bure inaweza kuhesabiwa kuwa fidia, ni lazima iandikwe unafuu huo umetolewa kwa kazi gani hasa.

Kuna uamuzi mwingine wa mahakama hiyo, wa mwaka 2010, ambao wapangaji wengi hawaujui na ambao kwa maoni yangu ndio unaoufanya mpango huu uwe na maana. Mwenye nyumba anapopandisha kodi hulinganisha fleti na nyingine zinazofanana nayo mjini. Mahakama ilisema kwamba uboreshaji ambao mpangaji aliufanya na kuugharimia mwenyewe, kwa kawaida hauhesabiwi katika ulinganisho huo. Ukitia bafu kwa fedha zako, kodi yako haipandishwi kwa hoja kwamba sasa fleti ina bafu. Ili kulithibitisha hilo miaka mingi baadaye unahitaji risiti, picha za awali na hati ya makabidhiano, na hapo ndipo utakapoona kwa nini ninasisitiza karatasi kiasi hiki. Mkataba ni wa Kijerumani cha kisheria, kigumu hata kwa Wajerumani. Mimi nilisaidiwa na kijana aliyejifunza Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig, ambako lugha yetu inafundishwa katika masomo ya Afrika, tukausoma kifungu kwa kifungu; kisha nikajiunga na chama cha wapangaji cha jiji, ambacho kwa ada ya mwaka humpa mwanachama ushauri wa kisheria. Huduma yao ilikuwa ya uangalifu na ya wazi, ila mazungumzo ni kwa Kijerumani, hivyo asiyekijua aende na mkalimani wake.

Nikiitazama fleti yenyewe, ukiondoa karatasi, kilichonifurahisha kuliko vyote ni umbo lake. Dari ziko juu kupita mita tatu, madirisha ni mapana, na chini ya linoleamu na mbao za kubandika kulikuwa na sakafu ya mbao za msonobari zilizopakwa rangi ya damu ya mzee, ngumu na nzima baada ya zaidi ya miaka mia moja. Kuikwangua, kuipiga msasa kwa mashine ya kukodi na kuipaka mafuta ni kazi ya vumbi na makelele, lakini malipo yake yanaonekana siku hiyohiyo.

Kuta zilihitaji akili zaidi. Karatasi za ukutani zilikuwa zimebandikwa moja juu ya nyingine, na zilipotolewa kwa mvuke, plasta ya chokaa iliyo nyuma yake iliteremka nazo mahali pengi. Mzee mmoja wa Bukavu, fundi plasta wa miaka mingi aliyekuja kutazama kwa wema wake, aliugonga ukuta kwa kidole, akaniambia, "Dada, hapa usiweke saruji, utaua ukuta." Nilimwelewa mara moja, kwa kuwa ni jambo lilelile linaloziumiza nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar: ukuta wa chokaa huvuta unyevu na kuutoa, na ukiuziba kwa saruji au rangi ya plastiki, maji hubaki ndani, plasta hufura, na chumvi hutokeza juu. Tulijaza mashimo kwa chokaa, tukasubiri ikauke kwa subira, tukapaka rangi ya chokaa. Katika majira ya baridi nimeona faida yake, kwa sababu ukungu, ambao ni adui mkubwa wa mpangaji wa Ujerumani, haujaota kwangu. Ni kweli pia kwamba ninafungua madirisha yote kwa dakika chache asubuhi na jioni hata nje kukiwa na theluji, kama inavyotarajiwa kwa kila mpangaji wa huku, na ninamshauri mgeni asidharau desturi hii kwa kuogopa baridi.

Chokaa haikuwa shida. Shida ilikuwa umeme. Kazi hii ilikuwa katika fungu la mwenye nyumba, na ndivyo inavyopaswa, kwa sababu Ujerumani hairuhusu mtu wa kawaida kuigusa mifumo ya umeme iliyo nyuma ya mita. Kazi hiyo ni ya fundi aliyesajiliwa na kampuni ya mtandao wa umeme wa eneo. Tarehe iliyoandikwa ilipita, fundi aliyetumwa hakutokea, na nilikabidhiwa fleti yenye soketi zinazofanya kazi katika chumba kimoja tu, huku kodi ikidaiwa kamili. Chama cha wapangaji kilimwandikia mwenye nyumba kwa niaba yangu barua iliyotaja tarehe ya hati ya makabidhiano, ikaweka muda wa mwisho na kueleza kwamba kodi imepungua kwa nguvu ya sheria yenyewe. Kazi ikamalizika na sehemu ya kodi ikarudishwa. Ninaliona hili kuwa dosari kubwa ya huduma, kwa sababu mwenye nyumba alijua kwamba hakuna kazi nyingine ndani ya fleti inayoweza kwenda mbele bila umeme, na mpangaji asiyejua haki zake angeweza kukaa gizani kipupwe kizima akidhani ndiyo sehemu ya makubaliano.

Kwa upande mwingine, ninampa mwenye nyumba sifa kwa jinsi alivyolishughulikia jambo la jikoni. Chini ya linoleamu ya huko kulikuwa na vigae vidogo vya mraba vilivyogandishwa kwa gundi nyeusi ya lami, na vigae na gundi za namna hiyo vinaweza kuwa na asbesto, ambayo Ujerumani iliipiga marufuku mwaka 1993. Atakayeviona asivivunje, asivipige msasa, asivifagie. Asimame hapo na amwandikie mwenye nyumba. Sampuli ilipelekwa maabara, majibu yakathibitisha, na mwenye nyumba akaleta kampuni maalumu ikavitoa kwa gharama yake. Bomba za risasi ni jambo la kuuliza pia katika majengo ya umri huu, kwa sababu kanuni ya maji ya kunywa ilitaka ziondolewe au zifungwe ifikapo tarehe 12 Januari 2026. Swali hilo liulizwe kwa maandishi, na jibu lije kwa maandishi.

Kuhusu gharama, hesabu si ngumu. Tuseme kodi iko chini kwa euro 150 kwa mwezi kuliko fleti kama hiyo iliyokamilika, na vifaa pamoja na mafundi vimekula euro 7,200. Fedha hiyo hurudi baada ya miezi 48, na tangu hapo kila mwezi ni faida. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili wa miaka miwili atakuwa amemjengea mtu mwingine. Muuguzi, mhandisi au familia yenye watoto shuleni watakuwa wamejipatia nyumba nzuri kwa bei ambayo jirani yao haipati. Katika hesabu isisahauliwe jiko, kwa kuwa hata fleti nyingi zilizokamilika Ujerumani hukabidhiwa bila sinki, bila kabati na bila jiko la kupikia, wala ada ya redio na televisheni ya umma, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila makazi, ambayo hudaiwa hata asiye na televisheni. Bima ya dhima binafsi nayo haifai kukosekana kwa mtu anayefunga bomba mwenyewe: tone linalopita sakafu ya mbao na kuharibu dari ya jirani wa chini linaweza kugharimu kuliko ukarabati wote.

Mafundi walipwe kwa ankara na kupitia benki. Msaada wa marafiki usio wa biashara unaruhusiwa, na ndio uliosukuma nusu ya kazi yangu, lakini fundi anayelipwa mkononi bila ankara anavunja sheria pamoja na anayemlipa, na kazi yake ikiharibika huna madai. Kuna faida ya wazi katika kufuata njia halali: asilimia 20 ya gharama ya ufundi, bila kuhesabu vifaa, hupunguzwa katika kodi ya mapato hadi euro 1,200 kwa mwaka, na mpangaji ana haki hiyo sawa na mtu anayeishi katika nyumba yake mwenyewe.

Majirani wanastahili kutajwa, kwa kuwa wao ndio waliobeba makelele. Kutoboa na kugonga hakufanyiki usiku wala Jumapili, na aliyezoea kwamba Jumapili ndiyo siku ya kazi za nyumbani abadilishe ratiba yake mapema. Nilibandika ngazini tangazo lenye jina langu, aina ya kazi na saa zake, nikagonga kila mlango kuomba radhi kabla ya kuanza. Bibi wa ghorofa ya chini alinijibu kwa kunionyesha mahali valvu kuu ya maji ilipojificha nyuma ya ubao wa chini ya ngazi, habari ambayo hata mwenye nyumba hakuwa nayo.

Lipo pia suala la usajili. Kila anayehamia sharti ajiandikishe katika ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili, akiwa na hati ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba amehamia kweli. Bila usajili huo benki, kodi ya mapato na kibali cha kuishi hukwama. Fleti isiyo na choo wala maji haihamiki, hivyo mgeni apange kubaki na anwani yake ya zamani hadi bafu likamilike, na gharama ya kupanga mahali pawili kwa wakati mmoja aiweke katika bajeti tangu mwanzo. Katika matangazo niliyosoma, hili halikutajwa hata mara moja, na ninaliona kuwa pungufu la wazi la wanaotangaza fleti hizi.

Ni siku ya kuondoka ndiyo inayobakia. Notisi ya mpangaji ni miezi mitatu, haidhuru amekaa miaka mingapi. Vitu alivyovifunga, kama kabati za jikoni, anaweza kuvichukua, au mwenye nyumba akavibakiza kwa kumlipa thamani yake. Njia ya tatu, inayotumika zaidi, ni kumwuzia mpangaji anayeingia. Kilemba cha kumwachia mtu fleti hakitambuliwi na sheria, na bei ya vitu haiwezi kuzidi kupita kiasi thamani yake halisi, kwa hiyo orodha yenye risiti na umri wa kila kitu ndiyo inayoweka bei. Sakafu na kuta haziuziki. Hizo utazikuta zimelipwa, au hazikulipwa, na idadi ya miaka uliyokaa kwa kodi ya chini.